Mpitanjia wa Kilo Sitini na Nane

Duniani kote hapakuwa na mji wenye baiskeli zenye akili kama Mbeya. Watu wa Mbeya watakwambia hivyo kabla hujatua mzigo. Ni kweli kwamba kikombe cha ushindi walijinunulia wenyewe, na siku ya mashindano walifika wao tu. Lakini kikombe ni kikombe.

Ukitaka kuona walichokuwa wakiringia, ungekwenda Ijumaa mchana pale Soko Jipya, kwenye Kisubio. Ulikuwa mtambo mkubwa kama matrekta mawili, una mdomo mbele na mdomo nyuma. Mbele uliingiza baiskeli yako ya wiki iliyopita, ikayeyuka. Nyuma ikatoka nyingine, bado ina uvuguvugu kama mkate, imesubiwa, yaani imeyeyushwa na kuumbwa upya, kwa kipimo cha mwili wako na cha njia ya kesho. Kama njia ni ya mawe, ulipewa tairi nene na breki kali. Kama ni ya udongo laini, ulipewa tairi nyembamba na fremu ya kuinua kwa kidole. Zamani mtu alinunua baiskeli moja akapandia milima yote, mpaka aiuze au imuue. Sasa hakuna aliyehangaika kuchagua. Mtambo ulichagua.

Ila mtambo haukuwa na miguu, na mlima hubadilika kila mvua ikinyesha. Kwa hiyo kila kundi la waendesha baiskeli lilikuwa na mpitanjia. Huyo alitangulia Jumatano, peke yake, juu ya baiskeli-tangulizi, kifuani amefunga mkanda wa kusikilizia moyo. Baiskeli-tangulizi haikupima mawe, ilimpima mtu. Ilijua pumzi zilikatika wapi, magoti yalitetemeka wapi, viganja vilitoka jasho la woga kwenye kona gani. Kwa mwili wa mtu mmoja, Kisubio kilijua namna ya kuwasubia wengine wote baiskeli zao.

Mpitanjia wa Kundi la Jumamosi alikuwa Tusajigwe, fundi pampu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na mmoja. Kazi hiyo aliifanya mwaka wa tisa sasa. Haikuwa na malipo. Ilikuwa na kikombe cha chai. Kundi likifika juu, chupa ikafunguliwa, kikombe cha kwanza kilikuwa chake, na hata mtu awe anakufa kwa kiu, hakugusa chake mpaka Tusajigwe amepiga funda. Mume alikwishazikwa, watoto walikuwa mbali wakimpigia kwa picha, nyumba kubwa, sufuria ndogo. Mtu wa namna hiyo usimchekee kwa kukipenda kikombe.

Tatizo lilianza Machi. Kwenye mteremko wa mlima Loleza unaoitwa Mgongo wa Punda, gurudumu lake la mbele lilitoka nje ya njia, na kwa muda wa kuhesabu kumi mguu wake mmoja ulikuwa umekanyaga hewa. Akarudi nyumbani akiisukuma baiskeli. Hakumwambia mtu. Tangu hapo, akiona mteremko tu, vidole vinakuwa vimeshabana breki.

Na wiki hii kundi lilikuwa limechagua nini? Mgongo wa Punda.

Jumatano asubuhi akasimama uani, kavaa tayari, na miguu ikamgomea. Jikoni palikuwa na gunia la viazi mviringo. Akalitazama gunia. Nalo, tuseme, likamtazama.

Sasa, baiskeli-tangulizi ilitengenezwa kwa huruma. Mpandaji akizimia njiani, pia kubwa, kama ile wanayochezea watoto, iliyomo ndani ya fremu, huzunguka na kuifanya isianguke, nayo ikamaliza njia na kumrudisha kwake bila kuamshwa. Sharti lake moja: lazima isikie uzito juu ya kiti. Tusajigwe akapanda kwenye mizani ya bafuni, sitini na nane. Akapunguza viazi, akaongeza, akapunguza, mpaka gunia nalo likawa sitini na nane. Akalifunga kwa kanga mbili, akalizungushia mkanda wa kifuani. Kisha, kwa sababu baiskeli ilikataa kwenda bila kofia, akalivika kofia yake ya njano, ile aliyopewa na kundi, yenye picha ya jogoo mbele. Hapo ndipo aibu ilipomshika mara ya kwanza. Kofia ililipendeza gunia kuliko yeye.

Lilirudi saa nane mchana. Akakuta limepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi wa kijani, na nyumbani kwake hapakuwa na uzi wa kijani. Akaamua kutofikiri.

Baiskeli ikauliza, kwa sauti yake ya adabu: "Sijasikia moyo wako njia nzima. Ni salama?"

"Salama. Mkanda ulilegea."

"Pole. Basi nijibu kwa mdomo. Pumzi?"

"Nzuri."

"Magoti?"

"Hayakulalamika."

"Hofu?"

"Hakuna kabisa."

Na kwa upande wa viazi, majibu yote yalikuwa ya kweli.

Ijumaa Kisubio kikatoa baiskeli kumi na moja za tairi nyembamba. Tusajigwe alipoziona zimepangwa, wembamba wa bangili, akajua majibu ya viazi yamefika mtamboni. Angeweza kusema pale. Badala yake alingoja watu waondoke, akamwinamia msimamizi wa mtambo, akaomba yake ibadilishwe, awekewe tairi nene.

Jumamosi kulikuwa na ukungu. Mwalimu Lugano, mstaafu wa miaka sitini na sita mwenye pumu, alifika wa kwanza, akaipapasa baiskeli yake kama ndama.

"Dada Tusa, leo umetupatia lami! Jana nilimwambia daktari wangu, mimi nikipangiwa njia na Tusajigwe, wewe kapumzike."

Watu wakacheka. Tusajigwe akainama kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa.

Sekela, muuguzi kijana mwenye macho ya kuhesabu, akaizunguka baiskeli ya Tusajigwe. "Mbona yako ina matairi ya trekta, mama?"

"Nabeba sanduku la dawa, mwanangu. Uzito."

"Sanduku la dawa nimebeba mimi."

"Basi nabeba makalio yangu. Nayo ukitaka kuyabeba, sema."

Wakacheka tena, na Sekela pia, lakini yeye aliacha kucheka mapema.

Mgongo wa Punda haukuwa lami. Mvua za mwezi mzima zilikuwa zimekula udongo na kuacha mawe yakichezacheza kama meno ya mzee. Tusajigwe akapita polepole, amefumba jicho moja, tairi zake nene zikiyang'ang'ania. Nyuma yake akasikia tairi nyembamba ikiteleza, halafu kelele, halafu kitu kibaya kuliko kelele: kifua cha Mwalimu Lugano kikipiga mluzi.

Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na pumzi hazikuwa zikija. Sekela akampulizia dawa, wengine wakambeba kwa mikono hadi kwenye nyumba ya mkulima mmoja kando ya njia. Mwenye nyumba, Mama Tupokigwe, hakuuliza swali. Alitandika mkeka, akaleta chai, akarudi jikoni. Machela-ruka iliitwa, ikajibu kwamba haiwezi kutua mpaka ukungu uinuke. Basi wakakaa, wakiusikiliza ule mluzi ukipanda na kushuka, hakuna aliyejua kama utangoja ukungu.

Polepole ukatulia. Mwalimu akasema, macho yamefumbwa: "Usijilaumu, dada. Ni mtambo. Wewe uliipita kwa mwili wako."

Afadhali angempiga kofi.

"Mtambo haujawahi kukosea," alisema Sekela, akikaza kanga aliyofungia bega. "Mama, samahani nakuuliza mbele za watu. Jumatano ulipita hapa?"

Neno la kweli lilipanda hadi kwenye meno. Lakini mmoja wao alikuwa amemimina chai, na hata katika nyumba ya watu, hata siku hiyo, kwa mazoea tu, kikombe cha kwanza kilikuwa kimewekwa mbele yake. Kilikuwa kinafuka. Hakuna mwingine aliyekuwa ameshika chake.

"Nilipita," akasema Tusajigwe. "Palikuwa pakavu. Hata hapa nilisimama, nikasalimiana na mwenye nyumba."

Ndipo jicho lake likaanguka dirishani. Juu ya kizingiti, sindano imechomekwa katikati, palikuwa na kidonge cha uzi wa kijani.

Mama Tupokigwe alikuwa mlangoni na sinia la viazi vya kuchemsha. Aliitazama ile kofia ya njano iliyokuwa magotini pa mgeni wake, akamtazama jogoo, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Mama," Sekela akamuuliza, "Jumatano ulisalimiana na huyu?"

"Huyu? Hapana, mwanangu, huyu namwona leo. Jumatano ilipita baiskeli peke yake, imebeba gunia limevaa kofia hiyo hiyo. Nilisalimia mara mbili, halikuitikia. Nikaona limepasuka, viazi vinadondoka njia nzima. Nikaisimamisha, nikalishona, nikaiachia iende." Akaweka sinia chini, mbele ya Tusajigwe kabisa. "Vichache nilivichukua, vya ujira. Nilipowaona leo nikajua mmevifuata. Haya karibu mama, ndivyo hivi."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mvuke wa viazi ukapanda ukachanganyika na ule wa chai.

Mwalimu Lugano akafungua macho. Akageuza kichwa taratibu, kwa sababu ya bega, mpaka akamwona.

"Dada Tusa," akauliza, bila ukali wowote, "lilikuwa la kilo ngapi?"

"Sitini na nane," akajibu. Kisha akakisukuma kile kikombe cha kwanza kuelekea kwa Mwalimu.