Ukurasa Uliokataa Kungoja

Kikuubo, soko la jumla la Kampala, si mahali pa kuzubaa. Ukisimama njiani, mpagazi mwenye gunia atakupigia kelele: "Fasi! Fasi!" Usipohama, shauri yako.

Katikati ya pilikapilika hizo, Nangila na mumewe Wamalwa walikuwa na duka. Waliuza chumvi na sabuni kutoka Kenya, kwao. Wamalwa alikuwa haoni. Ugonjwa wa macho ulimpunguzia nuru kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Lakini kazi aliijua! Alishika katoni akajua kama imelowa. Alinusa sabuni akaitaja kwa jina.

Nangila aliuza, Wamalwa aliagiza. Ndivyo walivyogawana tangu waje Kampala. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake.

Zamani kuagiza hakukuwa na taabu. Chama chao cha wafanyabiashara kilikodi malori ya kuleta mizigo kutoka mpakani, Busia. Lori likiwa na nafasi, mtangazaji wa chama, Katembo, alisimama kwenye ngazi na kutangaza. Aliyepitwa alisema, "Rudia hapo, Katembo!" Naye alirudia. Baadaye matangazo yakahamia kwenye intaneti. Ukurasa mmoja ulionyesha malori yote. Mtu alibonyeza lori analotaka, basi.

Wamalwa hakuogopa. Simu yake ilikuwa na programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Asubuhi ile aliiweka sikioni kama kawaida.

"Karibu kwenye chama chetu," simu ilisema. "Tangazo la mwenyekiti. Lori la kwanza, limejaa. Lori la pili, limejaa. Lori la tatu... Karibu kwenye chama chetu. Tangazo la mwenyekiti."

"Aa! Imeanza tena!"

"Baba Sylvanus, umebonyeza nini?" Nangila aliuliza.

"Sijabonyeza kitu!"

Alisikiliza tena. Na tena. Kila akikaribia lori la nne, simu ilimrudisha mwanzo. Alipochoka, lori hilo la nne, la chumvi, lilikuwa limeshajaa. Wateja wao wa Lubaga walikuja, wakakuta hakuna chumvi, wakavuka kwenda duka la pili.

"Mzee, asiyekuwepo na lake halipo!" jirani alimtania.

Maneno hayo yalimchoma Wamalwa. Kwani hakuwepo? Alikuwepo tangu alfajiri!

Wala hakuwa amekaa kimya. Wiki iliyopita alikwenda kwa Uthman, kijana aliyetengeneza ukurasa ule. Alimwambia, "Mwanangu, habari za malori hazinifikii." Uthman, mtu mwema, alimjibu, "Pole sana, mzee wangu. Nitakurekebishia leo leo. Utazipata mbichi kabisa." Lo! Tangu siku hiyo mambo yaliharibika zaidi.

Jioni Wamalwa alisukuma sahani yake pembeni.

"Mama Sylvanus, mimi nitarudi nyumbani, Bungoma. Hapa sina kazi tena. Mwambie Sylvanus aje ashike nafasi yangu."

"Aache chuo? Si amebakiza mwaka mmoja tu?"

"Aache. Nani mwingine atatusomea?"

Nangila alitaka kusema, "Nitakusomea mimi." Ulimi ulikataa. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni la kanisani. Alisoma kwa kidole, silabi baada ya silabi. Ukurasa ule alikwishaujaribu kwa siri. Kabla kidole hakijafika katikati, maandishi yaliruka, asijue alikuwa wapi. Alijiambia kwamba kichwa chake ni kizito. Aliona haya, akaondoa vyombo.

Lakini hakulala na jambo lile bila kuamua. Kesho yake alimwita jirani yao wa nyumbani, mtaa wa Old Kampala, Helen Atoo. Kazi ya Helen ilikuwa kufundisha watu wasioona kutumia simu. Baba yake alikuwa polisi, naye alikulia kambini. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu.

"Lete simu!" Helen alisema. "Kaeni! Kimya!"

Nangila alitabasamu. Helen huzungumza hivyo hata na anaowapenda.

Helen alisikiliza mpaka simu ikarudi mwanzo. Akasikiliza mara nyingine. Kisha akaiweka mezani.

"Simu ni nzima. Mzee hana kosa. Ukurasa ndio unakimbia."

"Unakimbia vipi?" Wamalwa aliuliza.

"Umepangwa kujisasisha. Maana yake unajipakia upya wenyewe, bila kuguswa, ili ulete habari mpya. Huu unafanya hivyo kila nusu dakika. Anayeona hutupa jicho, akamaliza. Simu yako inasoma neno baada ya neno, kutoka juu. Haijafika chini, ukurasa unaanza upya. Nayo inarudi juu."

"Kwa hiyo si uzee wangu?"

"Uzee gani, bambi!" Helen alisema, kwa neno la Kiganda la kumhurumia mtu.

Wamalwa alicheka. Nangila hakuwa amesikia kicheko hicho kwa siku nyingi, na moyo wake ulifurahi.

"Kumbe Katembo bado anatangaza," Wamalwa alisema. "Ila kila akikaribia lori langu, mtu anamziba mdomo na kumwambia aanze upya!"

"Hapo hapo! Twende kwa huyo Uthman."

Uthman aliwapokea vizuri, akawapa viti. Aliposikia shida yao, alishangaa.

"Lakini mzee ndiye aliyeniomba! Alisema habari zinachelewa. Ukurasa ulikuwa ukijisasisha kila baada ya dakika mbili. Nikaufanya nusu dakika, kwa ajili yake!"

"Ulitaka kumsaidia, ukazidi kumsukuma," Helen alisema. "Funga macho. Shika simu ya mzee. Chagua lori la nne."

Uthman alifumba macho akasikiliza. Karibu kwenye chama chetu. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alikunja uso. Mara ya tatu alifumbua macho.

"Hii inaudhi kweli!"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Wamalwa alisema.

Uthman alikuna kichwa. "Sasa, mzee wangu, nikizuia ukurasa usijisasishe, wengine watapata habari za jana. Wote wataumia kwa ajili ya mtu mmoja?"

Hapo Nangila alisimama.

"Si mmoja," alisema. "Hata mimi. Macho yangu ni mazima, lakini nasoma polepole. Ukurasa wako hunikimbia. Nilidhani ni ujinga wangu."

Wamalwa aligeuza uso kuelekea sauti ile. "Mama Sylvanus! Hukuniambia."

"Niliona haya."

"Tulikuwa wawili, kila mtu na aibu yake," Wamalwa alisema, akampapasa mkono akaushika.

"Na wako wengi," Helen alisema. "Anayekuza herufi ili azione. Mwenye mkono unaotetemeka. Anayesoma lugha ya kujifunza. Uthman, hatusemi uzuie habari mpya. Tunasema msomaji ndiye aamue."

"Nifanyeje basi?"

"Ukurasa utulie. Habari mpya ikija, yatokee maneno: Kuna habari mpya. Simu ya mzee imtajie hayo, bila kumtoa alipokuwa akisoma. Karibu yake weka kitufe cha kuionyesha. Mwenye haraka anayetaka ujisasishe wenyewe, awashe mwenyewe, achague na muda. Akichoka, azime."

"Kumbe! Hilo linawezekana," Uthman alisema. "Mnisamehe. Sikuwahi kuwauliza."

Wiki ile ile alibadilisha. Asubuhi Wamalwa aliweka simu sikioni. Lori la tatu, limejaa. Lori la nne, nafasi ipo. "Kuna habari mpya," simu ilimwambia. "Ngoja kwanza," Wamalwa aliijibu, kana kwamba ni Katembo. Akabonyeza lori la nne. Kisha akazifungua habari mpya kwa wakati wake.

Chumvi ilipofika, wapagazi walijaa mlangoni. "Fasi! Fasi!" Wamalwa alishika gunia moja moja akikagua kama kuna lililolowa. Habari ya Bungoma haikutajwa tena, na Sylvanus alibaki chuoni kwake.

"Mama Sylvanus!" Wamalwa aliita. "Mikono yangu ina kazi. Hebu tuangalizie lori la sabuni."

Hakuwa amewahi kumpa kazi hiyo. Nangila aliichukua simu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma kwa sauti, silabi baada ya silabi, mbele ya wapagazi na wateja. Kuna habari mpya, ukurasa ulisema. Nangila hakubonyeza kitufe. Aliendelea polepole, mpaka kidole chake kikafika neno la mwisho, chini kabisa. Na ukurasa ulikuwa bado unamngoja.