Mshono Begani mwa Radi

Jua lilikuwa linazama na Fundi anakunja sare ya mwisho ya shule, pale mtu wa klabu aliposimama mlangoni mwa kibanda chake. Koti la Radi, yule mwimbaji, limefumuka begani, alisema. Onyesho linaanza saa moja. Anatakiwa mtu mwenye sindano, na mtu huyo ataingia bure.

Kabla hajamaliza, Fundi alikuwa ameshafunika cherehani.

Mapenzi ni kikohozi, na ya Fundi kwa Radi yalijulikana mtaa mzima. Mwanamke mzima, mama wa mtoto wa miaka sita, alikuwa akishona suruali za wazee wa watu huku akiimba zile nyimbo za gitaa na makelele mpaka wateja wanasahau kilichowaleta. Aliyemshinda ni mmoja tu, Kipusa, mdogo wake Nesi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Huyo alibandika picha ya Radi hadi ndani ya kabati la vyombo. Basi Fundi angemwachaje? Wakapatana waende wote, na Nesi abaki na mtoto.

"Lakini saa tatu kamili naondoka," Nesi alisema. "Zamu ya usiku haimngojei mtu. Mkichelewa itabidi nimfungie mlango alale peke yake, na wewe unajua."

Fundi alijua. Mara ya mwisho mtoto alipoamka gizani akakosa mtu, walimkuta amepanda dirishani, ghorofa ya tatu, mguu mmoja uko nje.

"Saa mbili na nusu tumerudi," akaahidi.

Klabuni Kipusa aliachwa ukumbini, naye Fundi akapelekwa nyuma ya jukwaa, kwenye chumba chembamba kisicho na dirisha. Ndani kulikuwa na harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Mwanamke wa mavazi, mtunza nguo za jukwaani, alikuwa ameketi pembeni, mkoba tayari mapajani. Na Radi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mrefu, kimya, na koti lake jekundu.

"Avue," Fundi alinong'ona.

"Havui," mwanamke wa mavazi akajibu. "Mshonee hapo hapo."

Shangazi aliyemfundisha kazi alikuwa na amri chache, na ya kwanza ilikuwa hii: nguo haishonwi ikiwa mwilini mwa mtu. Fundi aliikumbuka vizuri sana. Lakini mtu unayemwimba kila siku akikuinamishia bega, amri za shangazi unaziweka mfukoni. Akatunga uzi mweusi, akaanza. Mpasuko ulikuwa unatoa ubaridi uliomgusa vidole. Akashona haraka kwa furaha, na alipotaka kukata uzi, mkono wake haukutoka.

Alikuwa amejishona. Sindano ilikuwa imepita kwenye ukingo wa mkono wa blauzi yake mwenyewe, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Akacheka kwa aibu, akachukua mkasi, akakata.

Mwanamke wa mavazi hakucheka. Alishusha pumzi ndefu kama aliyetua mzigo, akasimama.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema taratibu.

Akatoka. Nyayo zake zilisikika zikienda mbio kwenye korido.

Onyesho lilikuwa zuri, hilo lisemwe. Fundi alilitazama kutoka pembeni ya jukwaa, spika zikimtikisa kifua, akaimba mpaka koo likakauka. Mbele kabisa Kipusa alikuwa anaruka na gauni lake la njano. Saa mbili na dakika kumi wanamuziki wakapumzika, na Fundi akaona sasa basi, amchukue binti wa watu waende.

Akausukuma mlango wa ukumbini.

Akajikuta katika chumba cha mavazi.

Alidhani amekosea njia. Akarudi, akaujaribu mlango wa pembeni, wa kupitishia vyombo. Ulifunguka vizuri tu. Ndani kulikuwa na kiti kile, kioo kile, harufu ile ya kuungua...

Akapiga simu kwa Nesi. Ikaita, ikapokelewa. Alichosikia ni gitaa na ngoma, basi.

Akajaribu mlango wa barabarani, na huo nao ukamrudisha chumbani. Safari hii alihisi kitu kikimvuta kwenye kifundo cha mkono, polepole, bila hasira. Akapandisha mkono wa blauzi. Ule uzi mweusi haukuwa kwenye kitambaa. Ulikuwa umeingia kwenye ngozi, umepita chini yake kama mshipa, na palipoingia hapakuwa na tone la damu. Akauwekea mkasi, akabana kwa nguvu zote.

Mkasi ukavunjika.

"Haukatiki," sauti ikasema nyuma yake.

Radi alikuwa kwenye kile kiti. Bega limefumuka tena, na sasa taa ilikuwa inamulika pale pale. Fundi akaangalia ndani ya mpasuko. Hapakuwa na shati. Hapakuwa na bega. Palikuwa na giza linalovuta hewa ndani na kuitoa.

"Kila usiku mshono unaachia," alisema Radi. Sauti yake ya karibu ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Ukifumuka wote, nitatoka humu na sitarudi. Aliyenishona mara ya kwanza hakutaka niende. Tangu hapo lazima awepo mtu wa kunishona."

"Mimi nina mtoto."

"Yule aliyetoka alikuwa na wanne."

"Alitokaje?"

 Radi aliangalia sindano tu, ile aliyoichomeka Fundi kwenye blauzi yake, kifuani.

Saa mbili na dakika ishirini na tano. Mawazoni Fundi alimwona Nesi anatafuta viatu. Alimwona mtoto amelala chali, na dirisha juu yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mlango ukafunguka. Kipusa aliingia, jasho linamtiririka, macho yanang'aa.

"Dada, kumbe uko huku! Nimekutafuta..." Akamwona Radi, akaziba mdomo. Kisha kwa kunong'ona, "Niache nimshonee hata mara moja. Dada, nakuomba. Sitakusahau maisha."

Angeweza kumwambia, kimbia nyumbani ukakae na mtoto, mimi nimenaswa. Wazo hilo lilimjia, wazi kabisa, tena kwa maneno hayo hayo. Mtoto angekuwa salama usiku huo. Lakini kesho yake angeamka bila mama, na keshokutwa, na mwaka mwingine. Fundi alilipima wazo lile kama anavyopima kitambaa, akaona halimtoshi.

Akachomoa sindano.

"Shika hivi," alisema. "Kivute kitambaa karibu yako. Sogea. Sogeza na mkono wako... hapo. Usiangalie ndani. Piga sindano."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeutandaza ukingo wa gauni la njano chini ya uzi.

Kitu kikamwachia kifundo cha mkono. Mlango wa barabarani ulimpeleka barabarani, kwenye hewa na vumbi na watu wanaopita. Alikimbia njia nzima na hakugeuka.

Nesi alikuwa mlangoni amevaa sare, funguo mkononi. Mtoto alikuwa amelala.

"Afadhali. Nilikuwa nimeshachanganyikiwa," Nesi alisema. "Mdogo wangu yuko wapi?"

"Anakuja nyuma."

"Haya. Akifika mpe chakula, yule akishaimba hakumbuki kula." Akamshika bega. "Asante kwa kumwangalia, jirani."

Kipusa hakufika. Polisi waliikagua klabu na chumba chembamba hawakukiona. Radi alikuwa ameondoka mjini, na bango lilisema anaimba mji mwingine, halafu mwingine. Nesi alilia, akatafuta, akadhoofu. Jioni akawa anakuja kukaa kwa Fundi, maana hapakuwa na mwingine aliyempenda Kipusa kama wao wawili.

Mwezi wa pili tangu usiku ule alikuja na gauni la mdogo wake, la buluu, limeachia ubavuni.

"Nitengenezee," alisema. "Akirudi alikute zima."

Fundi alilipokea. Alitunga uzi mara tatu, mara zote tatu ukalikosa tundu la sindano.

"Huoni vizuri," Nesi akasema, akainuka, akamshikia taa.