Kopo Nyuma ya Masufuria

Maneno hayo Chiriku aliyasikia kwa msusi, kichwa chake kikiwa kimeinamishwa magotini, na tangu siku hiyo hayakumtoka. Msusi alisema wataalamu wamegeuza kauli: mafuta ya nyama hayana kosa lolote kwa moyo, miaka yote yalisingiziwa tu. Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walicheka, mmoja akasema basi yeye amejinyima bure.

Chiriku hakucheka. Nyumbani alikuwa na baba yake, seremala, ambaye mwaka uliopita alibanwa na kifua akipiga randa, akaanguka juu ya maranda. Tangu hapo alikuwa akimeza dawa, na daktari alimkataza nyama ya mafuta. Baba aliyependa chakula sasa alikula kama mtu anayetumikia adhabu.

Mama alishona sare kiwandani na kurudi jioni, kwa hiyo aliyepika ni Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili. Mama alimwachia kanuni: vijiko viwili vya mafuta ya maji, basi. Supu ya mifupa ipoe kwanza, na lile tabaka jeupe linaloganda juu liondolewe na kutupwa.

Chiriku aliacha kulitupa. Alilikusanya kwenye kopo la majani ya chai, akalificha nyuma ya masufuria, na kila siku akakaangia mboga ya baba. Jioni ya kwanza baba alilamba vidole.

"Leo umenipikia au umenifufua?" aliuliza.

Chiriku, ambaye jina hilo alipewa kwa sababu haishiwi maneno, alijibu kwa ufupi kwamba ni binzari tu. Alijiambia kuwa uongo huo ni mdogo, na baba amecheka.

Miezi miwili baadaye aliwasindikiza wazazi wake kliniki. Muuguzi alisoma karatasi ya vipimo vya damu, akairudia tena. Kolesteroli ilikuwa imepanda sana. Alimuuliza baba kama anameza dawa, naye akasema anameza. Kuhusu chakula, baba aliapa kwamba hajaonja mafuta ya nyama. Mama alimkazia macho. Kwa sauti ya chini alisema karakana imepakana na mchoma nyama, na yeye hakuolewa ili aje kuwa mjane wa mlafi. Muuguzi akasema huenda daktari akalazimika kumwongezea dawa kali zaidi.

Chiriku alimwona baba akiikunjakunja kofia yake, akiona aibu kwa kosa lisilo lake.

"Mama, usimseme baba," alisema. "Ni mimi. Mafuta ya supu sikuyatupa. Nilimpikia."

Akaeleza yote, kuanzia kwa msusi hadi kwenye kopo. Muuguzi hakufoka. Alisogeza kiti karibu na msichana.

"Msusi hakutunga yote, mwanangu," alisema. "Wataalamu bado wanabishana: mafuta yapi, kiasi gani, kwa nani. Aliyeacha mafuta ya nyama akahamia sukari na mikate myeupe hakupata faida. Aliyehamia mafuta ya maji, maharage na samaki, moyo wake hupata nafuu. Lakini hata ubishi huo uishe vipi, mgonjwa hafichwi anachokula. Tukidanganywa kuhusu sahani yake, tunamtibu mtu mwingine."

Daktari alipopewa habari hiyo, alikubali kusubiri miezi mitatu kabla ya kuongeza dawa. Mama alimfundisha Chiriku kuunga maharage kwa nyanya, vitunguu saumu na limau. Siku za mwanzo baba alinung'unika, kisha akaanza kuomba aongezewe. Vipimo viliporudiwa, kolesteroli ilikuwa imeshuka, ingawa dawa zake aliendelea kuzimeza. Alirudi karakanani akipiga mluzi.

Mama alimwambia binti yake kwamba mapenzi yasiyosema kweli yanaweza kuua. Kisha akabandika karatasi ukutani, jikoni:

Usikaangie mafuta yanayoganda.
Usile ngozi ya kuku wala nyama yenye mafuta mengi kila siku.
Usizidishe sukari kufidia mafuta uliyopunguza.
Usiache dawa kwa maneno ya watu. Nenda ukaulize kliniki.
Usimfiche mgonjwa ulichompikia, hata kama unampenda.