Ufa kwenye Pikipiki ya Babu

Kila alasiri Efrazia alipotoka shule alifanya kazi za nyumbani mbiombio. Alichota maji, akaleta kuni, akafungia ndama, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba.

"Siku hizi huyu binti hatumwi mara mbili," mama yake alisema huku akicheka. Alijua sababu. Nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati, pikipiki ya babu ilikuwa imefunguliwa vipande vipande.

Nyumba yao ilikuwa pembeni mwa mji wa Katesh. Upande mmoja ulisimama Mlima Hanang. Upande wa pili mashamba ya ngano ya serikali yalienda mpaka macho yanachoka. Baba yake, Sebastiani, alikuwa fundi wa matrekta katika karakana ya mashamba hayo. Jioni alirudi ananuka dizeli, akanawa, akanywa chai, akashika spana tena.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ndogo na nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Babu Yoakimu aliinunua kabla ya Uhuru kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Babu alikuwa katekista. Kwa miaka mingi aliiendesha kutoka Tlawi mpaka Bashay, mvua na jua, akifundisha dini. Magoti yalipoanza kumsumbua aliisukumia kwenye banda la kuku, na kuku wakaona kiti chake kinafaa kutagia.

Ingekaa humo mpaka leo kama si Shangazi Hilaria. Huyu alikuwa dada yake baba, nesi, na mwaka ule alihamishiwa kwenye zahanati ya kijiji kilicho ng'ambo ya mashamba ya ngano. Huko nyumba ziko mbalimbali. Akina mama wengi walishindwa kuwaleta watoto kupata chanjo, kwa hiyo shangazi aliwafuata yeye mwenyewe kwa miguu, sanduku la chanjo likining'inia begani.

"Dada yangu anatembea mpaka viatu vinaisha," baba alisema, "na sisi pikipiki tumewapa kuku!"

Injini ilikuwa kazi ya baba. Kukwangua kutu na kupaka rangi ilikuwa kazi ya Efrazia. Jumapili moja baada ya misa walikaa kibandani kuamua kila kipande kitapendezeshwa vipi. Baba alikuwa ameomba mabaki ya rangi kule karakana, na mkuu wake akamruhusu achukue. Kulikuwa na kopo la rangi nyekundu ya majembe ya trekta, kopo la nyeusi, na rangi ya fedha kidogo.

"Tupake nyekundu kila mahali!" Efrazia alisema.

"Bomba la moshi ukilipaka nyekundu litaungua siku ya kwanza na kunuka mtaa mzima," baba alimjibu. "Hilo tutalisugua kwa majivu mpaka ling'ae lenyewe. Rimu tutazipaka rangi ya fedha. Nati tutazichoma motoni na kuzichovya kwenye oili chafu. Zitatoka nyeusi, na kutu haitazishika upesi. Fremu na foku, nyeusi. Nyekundu yako itakaa kwenye madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu."

"Na tangi?"

Babu alikohoa. "Tangi liacheni."

Tangi lilikuwa la bluu, lakini pande zote mbili rangi ilikuwa imelika mpaka chuma kikaonekana. Hapo ndipo magoti ya babu yalipokuwa yakibana miaka yote ile.

"Lakini babu, limechakaa!"

"Limechakaa kwa kazi. Hayo ni magoti yangu, mama. Mkiyapaka rangi, mtanitafuta wapi?"

Wote wakacheka, na baba akakubali. Tangi lingepanguswa kwa mafuta tu.

Basi kazi ikaanza. Efrazia alisugua kwa brashi ya waya mpaka vidole vikaota malengelenge. Rafiki zake walimwita kwenye mchezo wa rede, asiende. Madigadi yalipotoka mekundu aliyaanika ukutani, akawa kila dakika anachungulia kama yamekauka.

Kilichobaki mwisho kilikuwa foku, ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele. Alhamisi alipokuwa anaisugua, aliona mstari mwembamba karibu na tundu la ekseli. Alidhani ni uchafu. Akaufuta kwa mafuta ya taa; haukutoka. Akapitisha ukucha juu yake, ukucha ukakwama. Ulikuwa ufa.

Alijua la kufanya: amwambie baba. Lakini alijua pia kitakachofuata. Ulikuwa mwezi wa saba, mavuno yamepamba moto, na Nikolausi, mchomeleaji wa karakana, alikuwa hapumui kwa kombaini za kuvunia ngano zilizokuwa zinaharibika. Foku ingengoja sana. Na shangazi alikuwa anakuja keshokutwa; tena alikuwa amemwahidi kumpakia katika safari ya kwanza.

Kando yake palikuwa na puti ambayo baba alizibia mabonde ya madigadi. Efrazia alichota kidogo kwa kidole, akaziba ufa. Ilipokauka akailainisha kwa msasa, akapaka rangi nyeusi, ikanywea, akapaka tena. Foku ikawa kama mpya.

Ijumaa jioni baba aliigeuzageuza mikononi. "Una mkono mzuri, binti yangu," alisema. "Hata karakana hatupaki hivi."

Siku nyingine maneno hayo yangemfanya aruke. Jioni ile aliyasikia, akainama, akajifanya anaokota nati.

Jumamosi asubuhi shangazi alifika na lori lililokuwa limebeba ngano.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, fundi wangu! Yuko wapi huyo mgonjwa mliyemfufua?"

Baba alikuwa ameshaunganisha kila kitu. Akapiga kiki mara kadhaa, injini ikakohoa, kisha ikakubali. Babu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake, alisahau magoti, akasimama na kupiga makofi. Shangazi akazunguka uwanja wa nyumba, akaruka kishimo kimoja, akarudi anacheka kama msichana wa shule.

"Sasa watoto wa kule ng'ambo hawatanikimbia tena!" alisema. "Efrazia, panda. Tushuke mteremko mpaka barabarani, tuone breki."

Efrazia hakusogea. Alikuwa anatazama gurudumu la mbele. Aliuona mteremko ule na mawe yake, na shangazi akishuka peke yake siku nyingine na sanduku lake la chanjo, mahali ambapo hakuna wa kumwokota.

"Shangazi, shuka," alisema.

"Kuna nini?"

"Shuka tu, tafadhali. Foku ina ufa. Niliuona, nikauziba kwa puti, nikapaka rangi."

Makofi ya babu yalikoma. Baba alizima injini, akachuchumaa, akakwangua kwa kisu mahali Efrazia alipomwonyesha. Rangi ikatoka, puti ikamomonyoka. Ufa ulikuwa umezunguka karibu upande wote wa chuma.

"Ulikuwa mrefu hivi?" baba aliuliza.

"Hapana, baba. Ulikuwa mfupi. Umeongezeka sasa hivi."

Baba alikaa chini kwenye vumbi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa itangoja mavuno yaishe. Nilitaka shangazi aichukue leo. Na mimi nilitaka kupanda."

"Chuma hiki kingekatika mteremkoni, Efrazia. Tungemzika dada yangu na rangi nzuri." Kisha akajifuta uso kwa kiganja. "Na mimi fundi mzima, sikukagua. Niliona rangi, nikaridhika."

Efrazia alilia mpaka kwikwi zikamshika. Shangazi ndiye aliyemvuta, akamkumbatia, akamwacha alie.

Siku hiyo shangazi alirudi kazini kwa miguu. Efrazia aliomba kumsindikiza, akabeba begani mwenyewe sanduku la chanjo alilokuja nalo shangazi. Walipita kwenye njia iliyokatiza mashamba, kombaini zikinguruma kwa mbali na makapi yakiwaingia machoni. Mkanda ulimkata bega. Kila alipotaka kulitua alimtazama shangazi, akaendelea. Walipoagana akamrudishia sanduku, ndipo shangazi akamwambia kwamba bado ana saa nzima ya kutembea.

Foku ilingoja kweli, kama alivyoogopa. Wakati huo Efrazia aliikwangua rangi yake yote nzuri, mpaka chuma kikawa kitupu toka juu hadi chini, akaikagua kila mahali kwa ukucha. Mavuno yalipopungua, alikwenda na baba karakana baada ya saa za kazi. Baba alikuwa ameomba ruhusa. Akamwambia, "Mweleze fundi mwenyewe." Efrazia akamweleza Nikolausi kila kitu bila kuficha. Nikolausi alimsikiliza, akawaambia wasitazame mwanga wa moto, akavuta kinyago chake na kuchomelea.

Waliporudi nyumbani Efrazia alishika brashi. Alianza kupaka foku nyeusi, akafika kwenye kovu la kuchomelea, akasimama.

"Hapa nipake pia, baba?"

"Wewe unaonaje?"

Alifikiri. Kovu lilikuwa baya, limevimba kama mshono wa gunia. Kama lingebaki wazi, kila mtu angeliona kabla ya kuona madigadi mekundu.

"Tusipake," alisema. "Tukipaka, ufa ukirudi shangazi hatauona."

Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. "Hapo tutapaka grisi nyembamba tu, kovu lisishike kutu. Kila asubuhi ataifuta na kutazama."

Shangazi alipokuja tena, Efrazia alimpeleka kwenye foku kwanza, kabla hajamwonyesha kitu kingine. Akafuta grisi kwa kitambaa, akamwonyesha kovu zima na namna ya kulikagua kwa ukucha. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi juu ya jiwe na kumvuta karibu.

"Kule zahanati naletewa watoto wenye vidonda," alisema. "Kidonda kikiwa na uchafu, sikifungi bandeji ili mtoto apendeze. Nakisafisha kwanza, hata akipiga kelele. Ile Alhamisi ulifunga bandeji juu ya uchafu, na uchafu ukaendelea kula ndani kwa ndani. Jumamosi uliifungua mwenyewe, sote tukikutazama. Ilikuuma, najua. Lakini ndiyo sababu niko hapa nazungumza na wewe. Utaharibu kazi tena maishani mwako, kila mtu huharibu. Siku hiyo usitafute rangi. Mtafute mtu umwambie, mapema, wakati bado kuna la kufanya."

"Ndiyo, shangazi."

"Haya, twende. Kuna mtoto wa wiki sita ananisubiri."

Efrazia alipanda nyuma, akamshika shangazi kiunoni. Wakashuka mteremko taratibu, jiwe kwa jiwe, na foku ikashika.