Nyanjige Azuia Vigelegele

Msimu wa kuchuma pamba, wanawake wa kijiji chetu karibu na Dutwa walicheza netiboli kila jioni. Nyanjige, mke wa Jilala, hakucheza. Yeye alikuwa mtu wa vigelegele, na hapo hakuwa na mpinzani.

Sabasaba ya mwaka uliopita tulicheza na kijiji cha ng'ambo ya mto. Hakuna aliyeandika magoli. Kila upande ulihesabu kichwani, na kila upande ukasema umeshinda. Tuligombana vibaya, tukaacha hata kusaidiana kuchuma pamba. Sayi, mdogo wake Nyanjige, alikuwa ameolewa huko ng'ambo. Mwaka mzima hakuja kwa dada yake, wala dada hakwenda. Nyanjige aliumia sana.

Mwaka huu Generoza, mwalimu wetu wa kisomo, alimwomba Nyanjige atunze magoli. Tulicheka. Mwenyewe alijitetea kwamba amejua kuandika juzi tu.

"Inatosha, mayu," mwalimu alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Gawa karatasi kwa mstari. Huku sisi, huku wao. Refa akikubali goli, chora kijiti kimoja papo hapo. Vikifika vinne, cha tano kilaze juu yao. Kuhesabu kutakuwa rahisi."

Siku ya mazoezi mambo yaliharibika. Goli likiingia, Nyanjige aliinuka, akapiga vigelegele na kucheza kidogo. Akirudi kuketi, jingine limeshaingia. Wafungaji wetu walinuna, maana magoli yao mengi hayakuandikwa.

"Andika kwanza," mwalimu alimweleza. "Mtunza magoli hana upande mpaka filimbi ya mwisho."

Sabasaba ilipokaribia, mwalimu alipeleka ujumbe ng'ambo kwamba tucheze tena, nao walete mtunza magoli wao. Siku ya mechi walimleta Sayi. Dada hao waliketi benchi moja, wakasalimiana, "Mwadila," salamu yetu ya jioni, basi. Wakati wa mapumziko walilinganisha karatasi. Vijiti vililingana.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa goli moja. Binti yake Nyanjige alirusha mpira, ukaingia. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Lakini refa alikuwa ameshapiga filimbi ya kumaliza. Nyanjige aliuma midomo, na kalamu yake haikugusa karatasi.

Jilala alimjia juu. "Goli la mwanao hukuliona?"

"Nimeliona, baba. Na filimbi nimeisikia kabla yake."

Mwalimu alisoma karatasi zote mbili mbele ya watu. Zilisema jambo moja: tumefungwa kwa goli moja. Tulitafuta la kubishia, hatukulipata.

Ndipo Nyanjige akainuka. Vigelegele vyote alivyovizuia jioni ile akavitoa kwa waliotufunga. Sayi akamwitikia, wakakumbatiana wakilia.

Wiki iliyofuata wanawake wa ng'ambo walikuja kuchuma pamba pamoja nasi. Namshukuru sana mwalimu Generoza kwa vijiti vile. Sayi alilala kwa dada yake, na Jilala alilalamika kwamba vicheko vyao vilimnyima usingizi. Lakini asubuhi ni yeye aliyemwomba shemeji yake asiondoke mapema.