Leo Watoto Wanakula Mezani

"Shangazi, sahani za wanangu zinafanya nini kwenye ukuta wa choo?"

Shangazi Verdiana alikuwa ameinamia sufuria la ndizi, mvuke umemfunika uso. Hakugeuka.

"Zimetundikwa zikauke, waitu."

"Mbona zetu zinakaukia kabatini?"

"Penina mwanangu, maswali mengine huulizwa watu wakishashiba. Nenda ukakae, chakula kinakuja."

Penina hakwenda kukaa. Alisimama pale ua wa nyuma wa mgahawa mdogo wa Miembeni, akizitazama sahani mbili za bati na vikombe viwili vya bati vilivyotundikwa kwenye misumari, mbali na vyombo vingine vyote. Chini ya vyombo hivyo kulikuwa na mkeka, na mkekani walikuwa wamekaa wanawe, Kagaruki wa miaka saba na Kokuberwa wa miaka minne, wakisubiri chakula. Jana waliambiwa ndani kumejaa. Asubuhi waliambiwa ndani kuna moshi. Mchana huu hakuna aliyewaambia kitu. Kokuberwa alimshika kaka yake mkono mlangoni, akapita katikati ya meza, akaenda zake nyuma. Miaka minne tu, na alikuwa ameshajua mahali pake! Hilo ndilo lililomchoma Penina kuliko sahani.

Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 1991, na Kagera ilikuwa inazika zaidi kuliko inavyooa. Mume wa Penina, Kaijage, alifia kwao Ijumbi, Muleba, kwa ugonjwa ule ambao Wahaya waliuita Juliana kabla redio haijawafundisha kuuita ukimwi. Tangu hapo, Penina akipita njiani watu walikuwa wanamtazama kiuno kwanza, waone kama gauni limeanza kupwaya, ndipo wamsalimie.

Mtu mmoja tu hakumtazama kiuno. Mujuni, fundi wa injini za boti za visiwani, alikuja Ijumbi kununua ndizi kwake. Akarudi wiki iliyofuata kununua ndizi, na wiki iliyofuata tena, mpaka wenzake kisiwani wakamuuliza kama amefungua ghala. Mwisho akasema la moyoni, na Penina naye, baada ya kumzungusha vya kutosha, akakubali. Mujuni akachukua likizo, akawaleta wote Bukoba mjini. Watoto waone ziwa na meli ya Mwanza, na Penina aonane na shangazi wa Mujuni.

Na huyo shangazi hakuwa mtu wa kuruka. Baba yake Mujuni aliuawa kwenye vita vya Amin, mama alikuwa ametangulia, na Verdiana ndiye aliyemlea kwa chapati na maharage. Ndugu mwingine wa kumsimamia Mujuni harusini hakuwepo.

Penina akarudi ndani. Mujuni alikuwa mezani, anamenya yai.

"Hawa watoto hawali hapa tena."

"Kuna nini tena, Penina?"

"Twende ile hoteli ya ufukweni, yenye vitambaa vyeupe. Leo wanangu wanakula mezani."

Mujuni akaangalia jikoni, kisha akashusha sauti.

"Shangazi amepika tangu alfajiri. Tukiondoka tukale kwingine ni kumtukana mbele ya wateja wake."

"Na wanangu wametukanwa mbele ya nani? Umeziona zile sahani?"

Mujuni akaendelea kumenya yai. Na yai lile, ndugu msomaji, lilikuwa limeshamenywa lote.

"Kumbe umeziona."

"Nimeziona jana," akakiri. "Nilidhani ukimya utasaidia. Penina, sikiliza, dawa yake ni ndogo. Mimi na wewe tumepima. Majibu tunayajua. Niruhusu nimwambie shangazi, mambo yaishe leo leo."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sitamwombea mwanangu sahani kwa cheti cha daktari. Kesho akija mtoto mwingine ambaye mama yake hana majibu ya kujisifia, huyo ale mkekani? Ugonjwa hauko kwenye kikombe, Mujuni. Wauguzi wamesema mpaka sauti zimewakauka."

"Shangazi ni mtu wa zamani."

"Wa zamani ndio waliotufundisha kuwa mgeni hupewa akamwani kwanza, kahawa ya kutafuna. Jana kikapu kimepita kwa wateja wote. Mimi aliniangushia kahawa kutoka juu, asinigusie kiganja. Wanangu aliwaruka. Sasa niambie, tumekaribishwa hapa au tumevumiliwa?"

Mujuni akaliweka lile yai chini. Alikuwa mtu wa kufungua injini nzima na kuirudisha, lakini mbele ya shangazi yake alikuwa bado yule yatima wa kuhurumiwa.

"Unaniambia nimwache mama aliyenilea?"

"Sikuambii umwache mtu. Nakuambia kule mezani kutakuwa na kiti chako. Ukija, tumeoana. Usipokuja, kesho asubuhi mimi na wanangu tunarudi Ijumbi, na ndizi ukanunue kwingine."

Akaenda ua wa nyuma, akawainua watoto mkekani, akawapangusa magoti, akapita nao katikati ya mgahawa kichwa juu. Shangazi Verdiana alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unawapeleka wapi na chakula kimeiva?"

"Ninawapeleka wakakae kwenye viti, Shangazi. Asante kwa chakula."

Siku ile ziwa lilikuwa limetulia. Hoteli ilikuwa na kila alichoahidi Penina, vitambaa vyeupe, viti vyenye mito, glasi za miguu mirefu. Wateja wawili watatu waligeuka kumtazama mama wa Muleba mwenye kitenge na watoto wenye ndala. Naye akawatazama mpaka wao ndio wakaona haya. Pesa ilikuwa yake, ya kahawa aliyoilima na kuiuza mwenyewe. Mtu wa kumwuliza amefuata nini pale hakuwepo.

Mhudumu mtu mzima aliyeitwa Omary akaja, akainama kidogo.

"Karibuni sana. Mama utakula nini? Na hawa wageni wangu?"

Kokuberwa akachungulia chini ya meza, kisha nyuma ya kiti.

"Mama, mkeka uko wapi?"

Omary akamtazama Penina, na Penina akatazama ziwani, kwa sababu machozi hayakumwomba ruhusa.

"Hapa hakuna mkeka, mama," Omary akamjibu mtoto. "Hapa kuna kiti tu. Nikuletee na mto uwe mrefu?"

"Ndiyo."

"Tuletee sato mzima wa kukaanga," Penina akasema. "Na ndizi. Na soda za watoto, kwenye glasi. Usiniletee za bati."

"Hatuna za bati, mama."

Kiti cha nne kilibaki kitupu. Sato alikuwa ndiyo kwanza ametua mezani Omary aliporudi.

"Mama, una simu mapokezi."

Penina akaenda, akashika mkonga.

"Haloo."

"Penina, ni mimi. Niko dukani jirani na shangazi. Analia. Anasema umemwaibisha."

"Mpe pole."

"Anasema nikija huko nisirudi kwake. Na harusini hatakanyaga."

Penina akafumba macho. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda mpaka usiku mwingine alijiogopa. Lakini kwa mbali alimwona Kokuberwa juu ya mto wake, miguu inaning'inia, anachezea kitambaa cheupe kwa kidole.

"Mujuni, umenipigia unipe habari au niombe msamaha?"

"Hata sijui, Penina."

"Basi samaki anapoa," akasema, akakata simu.

Alirudi mezani, akawachambulia watoto miiba huku akiongea nao habari za meli, sauti yake imara kuliko moyo wake. Kila mlango ulipolia hakugeuka. Aliapa hatageuka. Watoto walikula mpaka wakachoka, na Kokuberwa, kama kawaida yake, akaacha kipande cha samaki alichokwisha kukitafunatafuna pembeni.

"Hicho nani anamalizia?"

Mujuni alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha nne, anahema, jasho linamtoka. Alikuwa ametoka Miembeni kwa miguu.

"Umeshiba kwa shangazi?" Penina akamwuliza, baridi.

"Sijala. Nimemwambia mimi nakula na wanangu."

Akavuta kiti, akakaa. Akaivuta sahani ya Kokuberwa, akachukua kile kipande chenye alama za meno ya mtoto, akakitia mdomoni mbele ya watu wote. Akamalizia na ndizi zake. Akanywa soda iliyobaki kwenye glasi ya Kagaruki. Mzazi hula makombo ya mwanawe, hilo halina sherehe. Lakini Kagera ya mwaka ule, meza ya jirani watu waliacha kutafuna.

"Tata," Kagaruki akamwita baba, taratibu kama anayejaribu kiatu kipya, "bado kuna kichwa cha samaki."

Penina alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Ndipo kivuli kikaanguka juu ya kitambaa cheupe.

Shangazi Verdiana. Aproni bado kiunoni, unga kwenye viwiko. Alizaliwa Bukoba na kuzeekea Bukoba, na hakuwahi kuvuka mlango wa hoteli ile.

"Kwa hiyo umenichukulia mwanangu," akamwambia Penina.

"Nimemwekea kiti. Amekuja kwa miguu yake."

"Unaniona mimi mchawi. Unajua zile sahani zilikuwa za nani? Za Buberwa! Mwanangu wa kumzaa! Hata yeye alipougua nilimlisha hivyo hivyo mpaka alipokufa. Sasa wanao ni nani niwafanyie tofauti?"

Mujuni alitaka kusimama, Penina akamshika mkono akae.

"Buberwa alikuwa anakula wapi, Shangazi?" akauliza.

"Nyuma. Pale pale mkekani."

"Na hakuwahi kuuliza?"

Uso wa Verdiana ukaanza kulegea. Alishika mgongo wa kiti cha Kagaruki.

"Aliuliza," akasema, na sauti haikuwa tena ya mwenye mgahawa. "Alisema, mama, leo niruhusu nikae mezani, nitakaa pembeni, sitagusa kitu. Nikamwambia kesho. Nikamwambia wateja watakimbia. Kesho yake hakuamka."

Penina angeweza kusema mengi. Mdomo aliokuwa nao ulitosha kummaliza mama yule pale pale. Badala yake akamgeukia mhudumu.

"Omary, tuongezee kiti."

"Usinihurumie," Verdiana akasema.

"Sikuhurumii. Bado nimekasirika. Lakini kwangu mtu hali akiwa amesimama."

Verdiana akakaa. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kifuko kidogo cha akamwani anachotembea nacho kila Mhaya wa umri wake. Akampa Penina, safari hii kiganja juu ya kiganja. Akampa Kagaruki. Akaweka punje moja kwenye kiganja kidogo cha Kokuberwa, na vidole vyake vikakaa pale kidogo.

Kokuberwa akaitia mdomoni, akaitafuna, akakunja uso wote.

"Chungu!"

Akaitema mkononi, imelowa mate, imevunjika nusu. Na kwa kuwa watoto humrudishia kitu aliyewapa, akamnyooshea Shangazi Verdiana.

Mujuni alinyoosha mkono aipokee yeye, aokoe jahazi. Penina akamzuia kwa jicho.

Verdiana aliitazama ile punje. Sijui alimwona nani pale kwenye kiganja kile, lakini midomo yake ilisema "Buberwa" bila sauti. Kisha akaichukua, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu, machozi yanamfuata mashavuni mpaka kwenye aproni.

"Siyo chungu, mwanangu," akasema. "Ukizoea siyo chungu."

Penina akasogeza sahani kubwa ya samaki katikati.

"Harusi ni mwezi wa nane, kijijini Kanazi," akasema. "Mujuni anahitaji mtu wa kumsimamia. Mimi nahitaji mpishi. Lakini nina sharti, Shangazi."

"Sema."

"Watoto wote watakaokuja, wa mjane, wa yatima, wa nani, watakaa kwenye viti. Asiulizwe mtu mama yake alikufa na nini."

"Na wageni wakikimbia?"

"Wakimbie. Chakula kitabaki kingi."

Verdiana akacheka, mara ya kwanza tangu wafike Bukoba, akanawa mikono kwenye bakuli la Omary.

Mwezi wa nane Kanazi ilijaa. Wageni wengine walikimbia kweli, na wala hakuna aliyewafuata. Majibu ya Penina na Mujuni wanayajua wao na daktari wao, na mimi sitakuambia, maana Penina angenifukuza na mwiko. Ninachojua ni kwamba meza ya mbele kabisa, yenye kitambaa cheupe alichokinunua Shangazi Verdiana mwenyewe, ilikuwa ya watoto, na kwamba kulikuwa na kiti kimoja ambacho Shangazi hakumruhusu mtu yeyote kukikalia mpaka Kokuberwa alipomwuliza ni cha nani.

"Ni cha Buberwa," akamjibu. "Kaa wewe."