Madirisha Manne Adimu

Haya yalimkuta rafiki yangu mfamasia, mtu mzima na akili zake, aliyerudia kukusanya matofali ya plastiki aliyochezea utotoni. Alikwenda kununua ndoo nzima kwa mama aliyefiwa na mwanawe mdogo.

“Chukua yote, dada, ila hiki kijumba usikibomoe. Alikijenga mwenyewe, wiki ile ya mwisho.”

“Mama, nimekuja kununua matofali, sikuja kununua machozi.”

Akakibomoa palepale, mzazi akitazama, kwa kuwa tu kina madirisha manne adimu. Nilipomsuta alicheka, akaniambia huruma yangu nikailaze na njaa.

Mchana uleule aliyaosha madirisha kwa sabuni, akayabana kwenye mnara wake, fahari ya stoo yake isiyo na dirisha. Mara umeme ukakatika. Gizani, karibu kabisa na mkono wake, akasikia kitu kikibanduka: tak. Kimya. Tak. Katikati yake pumzi fupifupi, za mtu mdogo anayekaza nguvu.

Taa iliporudi, mnara ulikuwa na mapengo manne. Madirisha yalikuwa mezani, yamelowa mate, kila moja lina alama mbichi za meno ya mtoto mdogo.